Mkono Uliosema Pita

Mimi nina ugonjwa mmoja, nao ni kuuliza. Mteja akiniletea kitambaa nitamwuliza kimetoka duka gani, nani alimchagulia rangi, na huyo bibi harusi alimpata wapi mume. Mume wangu Alexis ni mlinzi wa getini, analipwa kwa kuwauliza watu wanakokwenda, na husema kazi yake ningeifaa zaidi mimi. Kwa hiyo mdogo wangu Glody alipopata kazi ya kusukuma theluji huko Kanada, alijua amekwisha.

Nina chumba cha kushonea hapa Turffontein, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na pasi nzito ambayo Alexis anaiogopa. Mama yetu alifariki kwetu Butembo, Kongo, Glody akiwa na miaka kumi na mmoja, nami, yaya wake, yaani dada mkubwa, nikamlea. Nilikuja naye Johannesburg, nikamsomesha, nikamwona akipata leseni ya udereva. Miaka mitatu iliyopita jina lake likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa Kanada. Langu halikutoka. Akapelekwa kaskazini, kwenye mji wa watu elfu mbili, na halmashauri ya pale ikampa lori lenye bamba pana la chuma mbele.

Alikuwa akipiga simu saa tisa alasiri, kwake ikiwa saa moja asubuhi, amemaliza raundi ya kwanza na anakunywa kahawa. Mimi huku natoka jasho la Januari, nina pini mdomoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo.

"Glody, hiyo theluji ni nzito?"

"Ikianguka ni nyepesi, yaya. Ikikanyagwa inakuwa nzito kama simenti."

"Ina harufu?"

"Haina. Ila pua inauma."

"Na mkisha kuisukuma inaenda wapi? Si mwisho barabara itajaa?"

Akanieleza kwamba wanaisukumia kando, inarundikana mpaka inampita mtu kimo. Katikati ya mji wanaibeba kwa malori na kwenda kuimwaga uwanjani, na rundo lile hukaa mpaka mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Nikamwambia wenzake ni watu wa ajabu, wanaweka ghala la maji magumu. Akacheka. Nilikuwa napenda kumchekesha, maana nilijua kule hana mtu.

Kitu kilichonitekenya kuliko vyote ni pikipiki zao za theluji. Hazina magurudumu. Mbele zina mbao mbili za kutelezea, nyuma mkanda unaozunguka, na zinakimbia kuliko gari. Zina njia zake porini, na pale njia inapokata barabara kuna kibao cha kusimama. Mwenye pikipiki husimama, huangalia pande zote, kisha huvuka. Mwenye barabara hana haja ya kusimama. Yeye hupunguza mwendo tu na kupita.

"Na nani anawaangalia?" nikauliza.

"Hakuna mutu, yaya. Ni pori tu."

"Na wanasimama?"

"Banasimama."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Hapa kwetu roboti zikizimika, maana ndivyo tunavyoziita taa za barabarani, tunaishi kwa mikono. Madereva mnatazamana, mmoja anapunga kiganja, mwingine anapita. Bila mkono ule Johannesburg ingekuwa imesimama tangu zamani. Glody alikuwa bingwa wake. Alipokuwa akiendesha bakki, yaani pikapu, ya duka la samani, Alexis alimwita polisi wa kujitolea, kwa jinsi alivyopenda kuwapisha watu.

Jumatatu moja ya mwezi huo Glody alipiga bila kuwasha kamera. Nikajua hapo hapo kuna jambo.

Jumamosi, kwenye raundi ya pili, alikuwa akisukuma theluji barabara kuu ya kutokea mjini. Alipofika kwenye njia ya pikipiki alimkuta mama mmoja, mwalimu mstaafu, amesimama kwenye kibao chake anangoja. Glody akasimamisha lori. Mama akavuka. Nyuma ya Glody kulikuwa na lori la maziwa, dereva wake akaona hakuna sababu ya kungoja, akamkwepa Glody na kupita kushoto. Likaigonga pikipiki kwa nyuma. Mama akarushwa kwenye rundo la theluji. Alivunjika mfupa wa bega na kuumia kichwa, na tangu alipofunga kofia asubuhi ile hakumbuki kitu.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ameshaanza kula."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha ugonjwa wangu ukaamka.

"Wewe ulisimama kwa nini? Si ulisema mwenye barabara hasimami?"

Nikasikia akikoroga kahawa.

"Nilisimama tu kuangalia bamba, yaya. Ilikuwa inagonga. Siku ya ine, Alhamisi jioni, kamati ya barabara itaniita. Ile ndiyo nitawaambia."

"Na mama alivuka kwa nini?"

"Sijui. Muulize yeye."

Mtoto niliyemlea hajawahi kunijibu hivyo. Aliponiaga nilibaki na simu mkononi, hasira na woga vimenijaa kwa pamoja. Mwezi wa tatu Glody alikuwa aajiriwe moja kwa moja. Kamati ikimkuta na kosa, lori linaondoka, na pengine leseni nayo.

Lakini hasa nilishindwa kumwelewa yule mama. Mwalimu mzima, miaka arobaini anaendesha kitu kile, kila siku anasimama kwenye kibao kisicho na askari. Leo ajitupe mbele ya lori? Usiku ule Alexis alinisikia nageuka geuka, akaniambia, "Masika, lala, theluji haiko kwetu."

Jumanne nilifungua mapema. Nilitandaza bitana nyeupe juu ya meza ya kukatia na kuchora barabara kwa chaki ya bluu, na njia ya pikipiki ikiikata katikati. Nikafungua gunia la pamba ya kujazia mito. Pasi, ikiwa baridi, ikawa lori la Glody. Niliisukuma polepole barabarani, pamba ikajikusanya mbele ya pua yake na kuangukia pembeni. Nilipofika mwisho nilikuwa na kuta mbili za pamba kando ya barabara, na nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga. Kumbe ndivyo inavyokuwa! Wiki ngapi namwuliza, na jibu lilikuwa mezani kwangu.

Kagendo akanikuta katika hali hiyo. Ni Mkenya, anafanya kazi benki kule Sandton, na alikuja kujaribu gauni la ubatizo wa mwanawe.

"Mama Masika, sasa hii ni nini? Unashona mto ama unacheza?"

Nikamweleza. Kagendo ni mtu wa maswali pia, ndiyo maana tunapatana. Aliweka mkoba chini, gauni likasahaulika.

"Huyo mama wa pikipiki ni nani hapa?"

Nikampa bobini ya uzi mwekundu. Akaisimamisha kwenye njia, upande wa kulia wa barabara. Lori la maziwa likawa kopo la vifungo, nyuma ya pasi.

"Haya, sukuma," akasema.

Nikaisukuma pasi, nikaisimamisha kabla ya njia. Kagendo akapitisha kopo kushoto kwa pasi, mimi nikavusha bobini mbele ya pasi, vikagongana. Tulirudia mara nne. Kila mara tulikuwa tunaona wazi kwamba kopo linakuja. Mjinga yeyote angeliona.

"Ai, lakini sisi tunaangalia kutoka juu," Kagendo akasema ghafla. "Huyo mama hakuwa juu."

Mwanamke wa benki, na viatu vyake vya kisigino, akapiga magoti sakafuni na kuegemeza shavu kwenye meza, jicho nyuma ya bobini.

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Pamba. Pamba tu, na hiyo pasi yako." Akafumba jicho moja. "Kopo sioni kabisa. Kuja uone."

Kupiga magoti kwangu si jambo dogo. Nyonga yangu ya kushoto haijawa nzuri tangu teksi iliponigonga miaka sita iliyopita. Nikajishika mezani, nikashuka. Kweli. Ukuta wa pamba ulifunika barabara yote, na pale ukuta ulipokatika pasi ilikuwa imesimama na kuziba kilichobaki. Kutoka pale alipokuwa yule mama, ulimwengu mzima ulikuwa kitu kimoja tu, lori la Glody, na kule juu dirisha lake.

"Kwa hivyo," Kagendo akasema, bado shavu mezani, "huyu mama haoni kitu. Na ni mtu wa kufuata sheria. Mtu kama huyo hawezi toka hapo akajipeleka. Mtu alimwambia apite."

Nyonga ilianza kuniuma, na haikuwa kwa sababu ya kupiga magoti.

Kagendo alipoondoka, gauni lake halijajaribiwa, nilikaa kwenye kiti na kuitazama ile pasi. Nilikuwa nimewahi kusimama mahali pa ile bobini.

Ilikuwa hapa hapa Turffontein, barabara kubwa yenye njia mbili kila upande, roboti zimekufa tangu asubuhi. Nilikuwa na mfuko wa vitambaa kichwani. Bakki ya duka la samani ikapunguza mwendo na kusimama mbele yangu. Ndani yake alikuwa Glody, anacheka meno yote nje, amefurahi kumkuta dada yake barabarani. Akatoa mkono dirishani, akaupunga. Pita, yaya. Nikapita. Teksi iliyokuwa nyuma yake haikuwa na habari ya undugu wetu. Ilimkwepa, ikanikuta.

Hospitalini Glody alikaa kando ya kitanda siku tatu bila kula. Siku ya tatu akaniuliza, "Yaya, ni mimi nilikuambia upite?" Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, macho yamevimba. Nikamwambia, "Hapana. Mimi sikuonaka mkono wako. Nilivuka mwenyewe." Nikaona pumzi ikimrudi. Kanisani nikasema ni teksi. Mtaani nikasema ni teksi. Katika mji huu, ambako teksi ni mabasi madogo yasiyomngoja mtu, ukisema ni teksi hakuna anayekuuliza swali la pili, hata mimi mwenyewe sikujiuliza. Glody alipona kabla yangu. Baada ya wiki mbili alikuwa barabarani tena, anawapungia watu mkono.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nilidhani nimemwondolea mzigo, kumbe nilimwondolea somo. Niliona haya, peke yangu, mchana kweupe, na cherehani zimezimwa.

Asubuhi ya Jumatano nilimweleza Alexis wakati wa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Mwache kijana," akasema. "Yule mama amepona, hakumbuki. Mkono hakuna aliyeuona. Bamba lilikuwa linagonga, basi. Kazi ni kazi, Masika. Unajua wangapi wanaitafuta?"

"Na akimpungia mwingine?"

"Hatapunga tena. Ameogopa."

"Alishaogopa mara ya kwanza," nikasema. "Mimi ndiye nilimwondolea woga."

Alexis alichukua kofia yake ya ulinzi na kwenda kazini. Hakuwa na ubaya. Hata mimi nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Mpaka saa nane na nusu nilikuwa sijui nitasema nini.

Saa tisa simu ikalia. Safari hii aliwasha kamera. Alikuwa amekonda, na nyuma yake dirisha lilikuwa bado jeusi.

"Glody, nataka kukuonyesha kitu."

Nikaielekeza simu mezani. Nilikuwa sijagusa chochote tangu jana. Nikaishusha mpaka kwenye meza, nyuma ya bobini, aone kama alivyoona Kagendo.

"Ile ni nini?" akauliza. Halafu akatambua. "Yaya... ile pasi ni mimi?"

"Ni wewe. Na hapa ndipo alikuwa yule mama. Unaona lori la maziwa?"

"Hapana."

"Naye hakuliona. Aliona wewe tu. Kwa hiyo ninakuuliza mara moja, Glody. Ulimwambia apite?"

Alitazama pembeni. Nje kwangu gari la mkate lilipita likipiga honi.

"Alikuwa anangojea ku baridi," akasema mwishowe. "Mama muzee. Nikaona, mimi niko ndani ya joto, yeye ku baridi. Nikafanya tu hivi." Mkono wake ukapanda mbele ya kamera, kiganja kikapunga. Hata yeye aliutazama kama si wake. "Nilimusaidia, yaya. Ni mbaya gani? Ni ule wa maziwa njo alikosa. Nikisema mkono, batanitoa ku kazi. Hakuna mutu aliona."

Ni kama mimi nilivyosema ni teksi. Neno kwa neno. Niliposikia hivyo, ile nusu ya moyo iliyokuwa kwa Alexis ikahama.

"Glody, mkono wako niliuona."

"Ungeonaje? Wewe uko Joburg."

"Si huo. Ule wa hapa, siku ya teksi. Uliutoa dirishani, ukacheka, ukaniambia pita. Niliuona vizuri. Ndiyo sababu nilivuka."

Akaweka kikombe chini.

"Ulisema haukuuonaka," akasema polepole.

"Nilisema hivyo. Nilikudanganya. Ulikuwa huli, nikaogopa nitakupoteza na wewe. Nisamehe, mdogo wangu. Lakini ulinipa njia ambayo haikuwa yako kuitoa. Wewe ulikuwa umesimama, barabara haikuwa imesimama. Na yule mama ni hivyo hivyo. Alikuwa na kibao chake na macho yake. Ungepita tu, naye angetoka nyuma ya rundo akaangalia mwenyewe."

"Miaka sita, yaya."

"Miaka sita."

"Kila Noeli nakuangalia unatembea, hata ku simu, ninasema asante Mungu haikuwa mimi."

Akakata simu. Nikabaki naangalia kioo cheusi na uso wangu ndani yake, na nililia, sitaficha. Mteja aliyeingia kuchukua suruali alirudi kinyumenyume.

Alhamisi saa tisa hakupiga. Ijumaa hakupiga. Jumamosi nilimwandikia ujumbe nikimwuliza kamati imesemaje, akausoma, hakujibu. Kagendo alikuja tena, akajaribu gauni, akaikuta barabara yangu bado mezani na mimi nakatia vitambaa sakafuni. Hakuniuliza kitu, na kwa mtu kama Kagendo huo ni upendo mkubwa.

Jumatano iliyofuata, saa kumi na moja jioni, kwake kukiwa kumeshapambazuka, simu ikalia. Niliikimbilia kwa mguu wangu huu mpaka nikaangusha kopo la vifungo.

Hakukuwa na uso. Kulikuwa na weupe, na pumzi ya mtu anayefanya kazi nzito. Simu ilikuwa imechomekwa kifuani mwake. Nikaona koleo, mikono miwili yenye glavu, na rundo la theluji linalokatwa kutoka juu. Mbele kulikuwa na barabara, na ng'ambo yake kibao cha kusimama.

"Nilibaambia," sauti yake ikasema. "Mkono, na yote. Bamba haikugonga kitu."

"Wakasemaje?"

"Lori wamenitoa mpaka theluji iishe. Mwezi wa tatu hakuna ajira, batafikiri tena mwaka kesho." Koleo likaingia, likatoka. "Nikabaambia pia ya rundo. Kama mutu anasimama pale haone kitu. Nikachora, kama meza yako. Basi banipa koleo. Kila mahali pikipiki inavuka, nakata rundo mpaka kwenye kiuno."

"Ni mahali ngapi?"

"Kumi na saba."

Nilitaka kumwuliza baridi ni kiasi gani, mshahara ni kiasi gani, chakula anakula saa ngapi. Nikauma ulimi. Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.

Ndipo nikasikia mlio, mwembamba, unakuja. Glody akageuka na kamera ikageuka naye. Pikipiki nyekundu ya theluji ilitoka kati ya miti, ikafika kwenye kibao, ikasimama. Aliyeipanda alikuwa amejifunika kote, sikujua ni mwanamume au mwanamke. Akamtazama Glody. Nilimwona wazi akimtazama, akingoja, kama watu wanavyowangoja wenye fulana za kung'aa barabarani.

Mikono ya Glody ilikuwa kwenye mpini wa koleo. Niliona glavu ya kulia ikilegea. Kidole kimoja, kisha viwili vikaachia mpini. Nikashika meza. Halafu vidole vikarudi, vikakaza, na mikono yote miwili ikabaki pale pale.

Mwenye pikipiki alingoja kidogo zaidi. Kisha akageuza kichwa, akaangalia kushoto, juu ya rundo lililokatwa. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto tena. Gari moja likapita. Akavuka mwenyewe, mlio ukaishia porini.

Glody alikuwa anahema.

"Umeona, yaya?"

"Nimeona," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.